Gapi kwenye tangi la majani, bila hita wala filta: mwongozo kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Maelekezo mengi ya kufuga samaki wa mapambo yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Ndiyo maana kitu cha kwanza kwenye orodha ya manunuzi huwa ni hita. Mtu wa Mikindani akinunua hita atakuwa anapasha moto maji ambayo hata usiku wa manane tayari yana joto la kutosha. Cha pili huwa ni filta ya umeme. Hapo shida ni nyingine: umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria walio ndani ya filta huanza kufa kwa kukosa hewa, na tangi lililozoea kuitegemea linabaki yatima.

Tangi la mwongozo huu halina hita wala filta, na hata taa si lazima. Maji yanasafishwa na majani, yaani mimea inayoota majini, pamoja na udongo. Kazi yako ni kulisha kidogo, kujazia maji yaliyopungua, na kujizuia usiingize mkono kila siku. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi.

Samaki anayefaa ni gapi, samaki mdogo wa mapambo. Kwao ni Venezuela, Trinidad, Guyana na maeneo ya jirani. Jina lake la kitaalamu, Poecilia reticulata, alipewa mwaka 1859 na Mjerumani Wilhelm Peters, yuleyule aliyekaa miaka kadhaa Msumbiji katika miaka ya 1840 akikusanya wanyama na samaki, na ndiye aliyemwandika kitaalamu perege wa Msumbiji. Jina tunalolitumia linatokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad, nao wakaandikwa huko mwaka 1866. Mwaka huohuo Livingstone aliteremka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho.

Gapi anapenda joto la nyuzi 22 hadi 28 na maji magumu yenye chokaa. Pwani ya kusini ina vyote viwili bila kununua chochote. Hatari za huku ni nyingine kabisa: dawa za wadudu, jua la mchana, chakula kingi, na uzazi wao wenyewe. Nitazirudia moja moja kila zinapohusika.

Hatua ya 1: Tafuta mahali kabla ya kutafuta tangi

Tangi la lita 50 likishajaa maji, udongo na mchanga lina zaidi ya kilo 70, na halihamishiki. Meza iwe ya mbao nzito au tofali zilizojengwa, isiyotikisika. Weka pimamaji juu yake kwa urefu na kwa upana, maana meza iliyoinama hupasua kioo pole pole, kisha siku moja kwa ghafla. Chini ya tangi tandika kipande cha ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungia televisheni mpya kwenye boksi. Inameza mabonde madogo ya mbao.

Mwanga unaofaa ni wa dirisha la mashariki, jua la asubuhi kwa saa mbili tatu, halafu kivuli. Dirisha la magharibi liache. Jua la alasiri mwezi wa Februari, chini ya bati lisilo na dari, linaweza kufikisha maji nyuzi 34, na hapo hata gapi anakata tamaa. Kama chumba ni cha giza, taa ya LED ya wati 8 au 10 iwashwe saa 8 kwa siku inatosha. Ikizimika kwa mgao wa umeme, hakuna kinachoharibika.

Usiweke tangi chumba cha kulala ambacho kinapuliziwa dawa ya mbu kila jioni. Sababu iko mbele.

Hatua ya 2: Tangi lenyewe

Matangi ya dukani yanapatikana Dar es Salaam, lakini kusafirisha kioo kwenye basi kwa mamia ya kilomita ni kucheza bahati nasibu. Fundi wa vioo na aluminiamu aliyepo mjini kwako anaweza kukukatia. Mpe vipimo hivi kwa tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye kimo cha 35:

- kitako: 60 kwa 30, kipande kimoja
- mbele na nyuma: 60 kwa 35, vipande viwili
- pande: 28.8 kwa 35, vipande viwili (vinaingia katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma, ndiyo maana ni vifupi)

Kioo kiwe cha milimita 6. Fundi wa madirisha anaweza kukuambia milimita 4 inatosha kwa sababu ndiyo aliyonayo. Kwa kimo hiki usikubali. Mwombe akung'arishie kingo zote kwa jiwe, vinginevyo utajikata wakati wa kubandika.

Silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki inapokauka. Ikiandikwa kwamba ni ya bafuni au inazuia ukungu, iache. Hiyo dawa ya ukungu huua samaki. Futa kingo kwa spiriti, bandika, funga kwa utepe wa gundi, uache kwa wiki nzima. Kisha lijaze maji nje ya nyumba, mahali pasipo na zulia la mtu, ulitazame siku mbili.

Asiye na hela ya kioo atumie diaba la plastiki la lita 60 au zaidi. Utawatazama samaki kwa juu, na gapi dume kwa juu bado ana rangi. Majani yanastawi vilevile.

Hatua ya 3: Udongo na mchanga

Hapa ndipo tangi linapopatia uwezo wa kujiendesha. Chini kabisa unaweka udongo wa shamba, unene wa sentimita 2 na nusu, na juu yake mchanga, sentimita 3. Udongo unalisha mizizi, mchanga unazuia udongo usichafue maji.

Udongo mwekundu wa kichanga unaozunguka Mtwara mjini ni maskini. Majani yataishi lakini hayatashamiri. Mzuri zaidi ni ule mweusi wa kandokando ya bonde, wenye ufinyanzi kidogo. Kuna udongo wa aina tatu wa kuukataa: uliotiwa samadi au mbolea ya dukani, wa kwenye mikoko kwa sababu ya chumvi, na wa chini ya mikorosho inayopuliziwa dawa.

Chekecha utoe mizizi na majani. Loweka kwenye ndoo, koroga, mwaga vinavyoelea, anika ukauke. Rudia mara mbili tatu. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huiruka, halafu tangi linanuka wiki ya pili kwa sababu ya takataka zilizooza chini ya mchanga.

Mchanga uwe wa mto, ule wanaotumia mafundi uashi. Uoshe mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vingi vya makombe, na ukiutumia itabidi uusuuze kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi mno. Usiufanye mnene kupita sentimita 5, maana chini yake hewa haifiki, unageuka mweusi na kutoa harufu ya yai viza. Ukiona mapovu makubwa yamenasa, choma mchanga kwa kijiti chembamba hapa na pale, yatoke.

Neno moja kuhusu matumbawe. Yanapendeza, na watu huyaokota. Acha. Sehemu ya pwani ya Mtwara ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na tangi lako halihitaji tumbawe hata moja. Ukitaka kuongeza chokaa kwenye maji, maganda machache ya chaza waliokwisha kuliwa nyumbani, yaliyochemshwa na kusuguliwa, yanafanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 4: Maji

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye diaba wazi kwa saa 24, klorini itaruka yenyewe. Fanya hivyo kila unapobadilisha maji, si mara ya kwanza tu.

Maji ya kisima yajaribu kwa njia mbili za kizamani. Kwanza osha mikono kwa sabuni ya kipande: ikikataa kutoa povu, maji ni magumu, na gapi atafurahi. Pili yaonje. Kama ulimi unapata chumvi, kisima chako kinaingiliana na bahari. Gapi mwenyewe anavumilia chumvi kidogo, lakini majani mengi hayavumilii, na majani ndiyo roho ya tangi hili. Changanya na maji ya mvua mpaka chumvi isisikike mdomoni.

Maji ya mvua ni laini mno yakiwa peke yake. Nusu kwa nusu na ya kisima yanakuwa mazuri. Ila mvua za mwanzo za Novemba na Desemba uziache zipite. Kipindi chote cha kiangazi mikorosho imekuwa ikipuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, pamoja na dawa nyingine za maji za kuzuia wadudu na ukungu, na upepo wa kusi haubagui shamba na paa. Vumbi lote hilo limelala kwenye bati likisubiri kuoshwa. Kinga maji baada ya mvua kubwa kadhaa.

Kumwaga: weka sahani au jani la mgomba juu ya mchanga, mimina taratibu juu yake. Ukimwaga kwa pupa udongo utafumuka na utaanza upya.

Hatua ya 5: Majani, mengi kuliko unavyodhani

Kosa la tangi la namna hii si kuweka samaki wengi peke yake. Ni kuweka majani matatu ya kupendezesha na kutegemea yafanye kazi ya filta. Siku ya kwanza tangi lionekane limejaa, kiasi cha robo tatu ya eneo la chini liwe limepandwa au limefunikwa.

Tafuta majani ya aina tatu.

La kwanza ni lile lisilo na mizizi, lenye shina refu lililozungukwa na vijani vyembamba kama brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu huliita Ceratophyllum demersum. Linaota lenyewe katika maziwa na mabwawa mengi ya Tanzania. Linakua haraka, linanyonya uchafu haraka, na halitaki kupandwa. Litupie tu majini. Kama utapata jani moja tu duniani, liwe hili.

La pili ni la utepe, Vallisneria, majani marefu membamba yanayotoka chini na kufika juu. Hili lipande mchangani, shingo yake ibaki nje. Litachukua wiki kadhaa likijishauri, kisha litaanza kutoa machipukizi ya pembeni na hutalizuia tena.

La tatu ni la kuelea, kama Pistia, lile linalofanana na kabichi ndogo. Mizizi yake inayoning'inia ndiyo maficho ya vitoto vya gapi. Lisizidi nusu ya uso wa maji, vinginevyo yaliyo chini yatakosa mwanga. Gugumaji lenye maua ya zambarau usilihangaikie kabisa. Linajulikana kwa balaa lake Ziwa Victoria na halina sababu ya kusambazwa kwingine.

Zaidi ya hayo, chukua tawi la mani planti, lile ua la kutambaa lililopo kwenye sebule nyingi, uning'inize mizizi yake ndani ya maji na majani yakae nje. Linakula uchafu wa samaki usiku na mchana, na halipigani na chochote.

Kama utakwenda kuchuma mwenyewe kwenye mabonde ya mpunga, au kandokando ya Ziwa Kitere au Rutamba, kuna mambo mawili ya kuogopa. Mamba ni moja, hasa ukikaribia Ruvuma: muulize mwenyeji kabla ya kusogea. La pili halionekani. Maji yaliyosimama ya ukanda huu yana konokono wanaobeba kichocho. Vaa buti na glavu za mpira, vuta majani kwa mti mrefu, usijitumbukize.

Ukifika nyumbani, loweka majani kwenye maji yenye shabu, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita 4, kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Suuza, toa konokono wote kwa mkono wenye glavu, kisha weka majani kwenye ndoo safi wiki nzima, ukikagua kila siku. Kuna wadudu watatoka ambao hukuwaona mwanzo. Wa kutupa bila huruma ni watoto wa kereng'ende, wana taya inayofyatuka na wanakula vitoto vya samaki mmoja baada ya mwingine. Ruba nao. Maji ya ndoo yamwage mchangani penye jua, si mtaroni.

Hatua ya 6: Kungoja

Wiki tatu, ikiwezekana nne, tangi likae na majani tu.

Udongo mpya unatoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo majani huila. Bakteria hao wanajikusanya wenyewe juu ya mchanga na majani, ila hawana haraka. Mwisho wa wiki ya kwanza na ya pili badilisha nusu ya maji. Yakiwa na rangi ya chai usishtuke.

Funika tangi katika muda huu, kwa sababu mbu hawangoji bakteria. Dalili ya kuwa tayari haihitaji vipimo vya dukani: majani yametoa machipukizi mapya ya kijani kibichi, maji ni maangavu, na harufu ni ya ardhi iliyonyeshewa.

Hatua ya 7: Kuleta gapi

Kama hakuna jirani anayefuga, watatoka Dar es Salaam. Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla ya safari. Badala ya mfuko, tumia ndoo ya lita 5 au 10 yenye mfuniko: theluthi moja maji, iliyobaki hewa. Samaki wanane wadogo watafika salama. Ndoo isikae kwenye buti la basi wala karibu na injini. Ikae miguuni pako, imefunikwa khanga.

Chagua wanaokunjua mapezi yao, wanaokuja mbele ukisogea. Mwenye mgongo uliopinda, mapezi yaliyofumba, au anayejikuna kwenye mchanga, muache huko huko hata ukiuziwa kwa nusu bei.

Sasa swali la dume na jike. Dume ni mdogo, sentimita 3 hivi, na rangi zote ni zake. Pezi lake la chini nyuma ya tumbo limechongoka kama kijiti. Jike anaweza kufika sentimita 6, ni wa kijivu, na karibu na mwisho wa tumbo ana doa jeusi linalopanuka anapokuwa na mimba. Jike wa dukani mchukulie kuwa ana mimba tayari. Isitoshe, anahifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo hata ukimweka peke yake atazaa mara kadhaa.

Ushauri wangu kwa anayeanza na asiyetaka usumbufu: madume sita au wanane, basi. Utapata rangi zote, hakuna mimba, hakuna hesabu. Ukitaka uzazi, weka madume wawili na majike wanne, ili jike mmoja asifukuzwe kutwa.

Wakifika, zima taa. Acha ndoo karibu na tangi, uongeze kikombe cha maji ya tangi kila dakika 10 kwa saa nzima. Kisha wavue kwa chujio uwahamishe. Maji ya safari yamwage nje. Usiwalishe mpaka kesho.

Hatua ya 8: Kulisha, yaani kutolisha sana

Mara moja kwa siku, kiasi kitakachokwisha ndani ya dakika mbili. Siku moja ya wiki wafunge. Chakula kinachozama na kuoza ndicho kinachoharibu maji, na kwenye tangi lisilo na filta hakuna wa kukuficha aibu.

Chakula cha dukani ni kizuri, lakini si lazima kiwe pekee. Dagaa wa pwani ya kusini huchemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo waloweke nusu saa, wamwage maji, waanike tena, watwange na kuchekecha upate unga laini. Kiini cha yai lililochemshwa ni kizuri kwa vitoto, punje ndogo ya kichwa cha njiti, isizidi. Mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto wataudonoa. Viluwiluwi vya mbu ndiyo karamu yao: acha ndoo ya maji nje siku nne tano, vua, suuza, watupie. Usiisahau ndoo hiyo, maana baada ya wiki moja utakuwa umefuga mbu.

Mkate, ugali na korosho, hapana. Korosho ina mafuta yanayotanda juu ya maji, ingawa watoto wa nyumba za Mtwara lazima watajaribu.

Ukisafiri wiki moja, usimwachie mtu kopo la chakula. Gapi wazima wanakaa wiki bila kulishwa kwenye tangi lenye majani. Wanadonoa ukungu wa kijani na vidudu. Jirani mwenye huruma ndiye atakayewaua.

Vitu vinavyoua tangi ghafla

Ukikuta samaki wote wamekufa kwa usiku mmoja, mara nyingi si ugonjwa.

Mfuniko wa tangi ni lazima, gapi wanaruka. Wazo la kwanza la kila mtu ni kipande cha chandarua kikuukuu. Vyandarua vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo sana. Tone moja la maji likigusa neti na kurudi tangini linatosha kuleta msiba. Tumia wavu wa dirishani usio na dawa, au kitambaa cha pazia jepesi kilichofuliwa bila sabuni.

Dawa za kupulizia mbu na mende ni familia hiyohiyo. Ikibidi upulizie chumba, funika tangi kwa plastiki na khanga nzito, fungua madirisha baadaye, funua baada ya saa kadhaa. Mkono uliopakwa losheni ya kuzuia mbu usiingie majini. Na kama nyumba yako iko katikati ya mikorosho, siku wanapopita na mashine ya salfa funga madirisha ya upande wa upepo.

Joto nalo. Ukiona samaki wote wamepanda juu wanahema mdomo wazi mchana wa jua, maji yamepata moto na hewa imepungua. Toa mfuniko, chota maji kwa kikombe uyamwage kwa juu yachanganyike na hewa, elekeza feni kama umeme upo, tumbukiza chupa iliyofungwa yenye maji ya barafu. Usimwage barafu yenyewe. Wakihema alfajiri badala ya mchana, sababu ni nyingine: majani nayo hutumia hewa usiku, na umeyaacha yakajaa kupita kiasi au samaki wamezidi. Punguza.

Kila wiki, kila mwezi

Kila wiki jazia maji yaliyokauka na punguza majani yanayoelea. Kila mwezi toa robo ya maji kwa mpira mwembamba, rudisha yaliyokaa diaba siku nzima. Vioo futa kwa sponji mpya isiyoonja sabuni, upande wa mbele tu. Ukungu wa vioo vingine waachie samaki. Mchanga usiuoshe kamwe. Maji uliyotoa ni mbolea. Kule juu Newala na Tandahimba, ambako maji yana historia yake ya kutembelewa mbali, usimwage hata kikombe: yapeleke kwenye mchicha au bamia.

Maji yakigeuka kijani kibichi, mwanga na chakula vimezidi. Tundika kitambaa dirishani, punguza ulishaji nusu, ongeza majani ya kuelea, subiri wiki mbili. Kubadilisha maji yote hakusaidii, kijani kitarudi.

Samaki mwenye madoa meupe ya ukubwa wa punje za chumvi, au mapezi yaliyochanika, mhamishie kwenye ndoo yenye maji ya tangi na chumvi gramu 2 kwa kila lita, akae hapo siku saba hadi kumi ukibadilisha sehemu ya maji kila siku. Chumvi isitiwe kwenye tangi lenye majani. Vidonge vya rangi mbili (antibiotiki) vya duka la dawa usivitie popote. Vinaua bakteria wanaokufanyia kazi.

Wakizidi

Jike huzaa kila baada ya wiki tatu hadi nne hivi, vitoto 20 hadi 50 kwa kawaida, na vitoto hivyo vinapevuka ndani ya miezi miwili mitatu. Tangi la lita 50 lina raha likiwa na samaki wazima 15 hadi 20. Kwa hiyo hesabu inakushinda mapema.

Njia rahisi ni kupunguza maficho: ukipunguza majani ya kuelea, wazazi watakula sehemu kubwa ya vitoto wenyewe. Njia ya pili ni kuwatenga madume na majike vikishafika wiki nne, mara tu pezi la dume linapoanza kuchongoka. Njia ya tatu ni kugawa.

Usiwapeleke Lukuledi, Ruvuma, Kitere, Rutamba wala dimbwi lolote la mvua. Gapi wamesambazwa nchi nyingi kwa kisingizio cha kumaliza mbu, na mahali pengi wamebaki kuwa wavamizi wanaowasonga samaki wenyeji. Vidimbwi vya msimu vya pwani yetu vina samaki wadogo wa rangi ambao mayai yao hukaa kwenye tope kavu mpaka mvua nyingine. Wageni hawawahitaji, nao hawawahitaji wageni.

Wanakofaa ni kwenye maji yaliyofungiwa nyumbani: pipa la kumwagilia bustani, karo la ujenzi, tangi la saruji lisilotoa maji ya kunywa. Homa ya chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 hapa hapa, kwenye uwanda wa Makonde, na mbu wanaoieneza huzaliana kwenye vyombo vya maji vya majumbani. Gapi watano kwenye pipa la lita 200 lililo kivulini watamaliza viluwiluwi. Pipa hilo lisifikiwe na mafuriko, lisiwe na bomba la kumwagikia mtaroni, na juu yake uweke matawi machache ya lile jani la brashi ili wapate pa kujificha jua linapopanda.